Shangazi, namuuza farasi wetu mpole: niseme habari ya mguu wake?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku huu nikiwa nimetoka bandani kumpa Subira nyasi zake za mwisho. Nimekawia kule kuliko kawaida, nikimsugua shingo, naye kaegemeza kichwa begani kwangu kama anavyofanya siku zote. Hajui kwamba wiki hii nimeandika tangazo la kumuuza.

Subira ni dume aliyehasiwa, hudhurungi, ana baka jeupe usoni. Ana miaka 15. Kimo chake mabegani ni sentimita 152 na uzito wake kilo 480. Tulimnunua akiwa na miaka 6, binti yangu akiwa na miaka 10, na yote anayoyajua binti kuhusu farasi ameyajulia mgongoni mwa huyu. Sasa binti ana miaka 19, yuko masomoni mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka. Mimi sipandi tena, mgongo umenikataza. Namtembeza kwa kamba, namsafisha kwato, namrudisha. Mnyama aliyezoea kazi anashinda akitazama lango. Tuliposhauriana, binti alilia, kisha akasema mwenyewe, "Mama, muuze sasa angali na nguvu, apate mtu wa kwenda naye."

Shangazi, upole wa farasi huyu sijauona kwingine. Amebeba wageni wasiojua hata kushika vigwe. Amefundishia watoto watano kukaa kwenye tandiko. Ameruka vizuizi vya sentimita 80, amekokota kigari chepesi, amepita kando ya trekta linalounguruma bila kuinua sikio. Kwenye trela anapanda mwenyewe.

Lakini yapo mawili. Kwanza, mguu wake wa mbele wa kulia. Asubuhi za baridi hutoka bandani akichechemea kidogo, na baada ya dakika kama kumi za kutembea hali hiyo huisha. Mwaka jana daktari wa mifugo aliupiga picha, akasema ni mwanzo wa baridi yabisi kwenye kifundo kilicho juu ya kwato. Alisema bado anafaa kupandwa, ila kuruka vizuizi na kukimbizwa kwenye ardhi ngumu sasa basi. Pili, hapendi kubaki peke yake. Farasi wa jirani wakiondolewa, yeye huzunguka uzio akilia mpaka jasho linamtoka.

Jamaa yetu mmoja anayefanya biashara ya farasi amenicheka. Aliniambia hivi: "Andika miaka 12. Mguu usiutaje. Siku mteja anapokuja, mpe dawa ya maumivu alfajiri, atatembea kama mtoto. Kizuri chajiuza, wewe usikiharibie soko kwa mdomo wako." Nikaondoka nimechanganyikiwa. Tangazo nimeliweka bila umri na bila mguu: "Anauzwa farasi mpole kama kondoo, anafaa kwa kila kazi na kwa kila mtu."

Siku sita tu, watu watatu wamejitokeza. Wa kwanza ni mwanamume ambaye hajaja kumwona. Anasema anataka kumshangaza mwanawe wa miaka 8. Atalipa bei yote na ziada juu yake, mimi nitoe humo ujira wa msafirishaji wake na kumrudishia kitakachobaki. Wa pili ni mwalimu mwenye shule ya upandaji, amempanda robo saa, akasema, "Huyu ndiye ninayemtafuta," na analipa bei niliyotaja bila kubishana. Wa tatu ni mama wa miaka hamsini na kitu, aliyepanda ujanani na sasa anataka kurudi taratibu, njia za msituni tu. Amekuja mara mbili, mara ya pili kakaa kitako kwenye nyasi akimtazama Subira anavyokula. Ila uwezo wake ni theluthi mbili ya bei yangu.

Nimuuzie nani? Habari ya mguu niiseme, na niisemeje bila kumfukuza kila mtu? Na je, naweza kumwekea mnunuzi sharti kwamba akimchoka anirudishie mimi kwanza?

Mama wa Subira

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kichwa kilichoegemea bega. Nami niliwahi kuuza farasi wa namna hiyo. Alikuwa jike, mtulivu, wa kazi zote. Nikamtoa kwa mtu wa kwanza aliyekuja na pesa mkononi, kwa kuwa niliamini mnyama mwema hawezi kuangukia pabaya. Baada ya miezi michache nilipita kwa mtu huyo. Nilimkuta amekonda, mgongoni ana vidonda vya tandiko, na bado walikuwa wanampanda. Hakuwa amemtupa mtu hata mmoja. Kwa hiyo nitakayokuambia leo nayasema kwa uchungu kidogo, univumilie.

Jamaa yako kasema kizuri chajiuza. Kweli chajiuza, lakini kinachojiuza hakichagui mnunuzi. Farasi mkali ana namna ya kujilinda: asiyemweza humwogopa, humwacha. Mpole hana kinga hiyo. Akipandwa na mzito kupita kiasi, atabeba. Tandiko likimbana, atavumilia. Mguu ukimuuma, atakwenda hivyo hivyo, na aliye juu yake atasema, "Si unaona, hana neno." Upole ndio unaomfanya Subira atakiwe na watu watatu ndani ya siku sita, na upole huo huo ndio utakaomwumiza akiangukia mtu asiyetazama. Yeye hatalalamika. Itabidi ulalamike wewe kwa niaba yake, na wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kabla hajatoka langoni.

Mguu utausema, tena mapema, kwenye tangazo lenyewe, mtu asifunge safari akaja kuusikia akishafika.

Sikiliza jinsi uongo wa jamaa yako unavyofumuka. Mnunuzi mwenye akili huja na daktari wake wa mifugo, na anatakiwa awe daktari asiyekutibia wewe, ili asiwe na upande. Daktari huyo ataukunja mguu wa Subira, aushikilie hivyo kwa dakika moja hivi, kisha aombe akimbizwe mchakamchaka papo hapo, kwa mstari ulionyooka, kwenye ardhi ngumu. Kiungo chenye baridi yabisi mara nyingi hujitaja pale pale. Atamtazama pia akizunguka duara kulia na kushoto. Akitaka, atachukua damu na kuihifadhi, ili farasi akianza kuchechemea baadaye ipimwe. Dawa za maumivu kama fenilbutazoni huonekana kwenye damu, na za kumtuliza kama asepromazini vilevile. Umri nao una shahidi wake kinywani. Kwenye jino la mbele la pembeni, taya la juu, huanza kuonekana mfereji farasi anapofikisha miaka kama 10, na kwenye miaka 15 hivi huwa umefika nusu ya jino. Si saa, hauhesabu mwezi kwa mwezi, lakini mtu anayejua meno hatakubali haraka kuambiwa ana 12.

Hata kama angekuja asiye na daktari, mwanangu, fikiri dawa ile inamfanya nini Subira mwenyewe. Maumivu ndiyo yanayomwambia apunguze mwendo. Ukiyazima siku ya majaribio, mgeni atamrusha juu ya vizuizi, atamkimbiza palipo pagumu, naye atakwenda kwa sababu hasikii kitu. Kesho yake kiungo kimevimba. Na mtoto wa mtu naye yuko pale juu, farasi akijikwaa.

Sasa namna ya kuusema. Watu wengi husema ugonjwa kama wanaokiri kosa, kwa sauti ya chini, mwishoni, na mnunuzi anaondoka akidhani yapo mengine makubwa zaidi. Wewe useme kama mtu anayemjua mnyama wake: mguu upi, lini unaonekana, unaisha baada ya muda gani, daktari alisema nini, picha zipo, karibu uzione. Mruhusu daktari wako azungumze na wa mnunuzi. Ukweli uliopimwa hivyo hauogopeshi wanaofaa. Wanaokimbia ni wale waliotaka kuruka vizuizi, na hao hukuwa na farasi wao.

Tena liko jambo ambalo huenda hujaliona. Farasi mwenye baridi yabisi ya mwanzo kwa kawaida hufaidika na mwendo mwepesi wa mara kwa mara kuliko kusimama. Akifungiwa muda mrefu hukakamaa. Kinachomsaidia ni kutembezwa, kushinda nje malishoni, kutonenepa, kupashwa mwili joto taratibu kabla ya kazi, na fundi mzuri wa kwato anayekuja kila baada ya wiki 6 hadi 8. Yale maisha ya njia za msituni kwa mwendo wa kutembea yanamfaa mguu ule kuliko maisha anayoishi kwako sasa, akitazama lango. Usijione unamsukuma mgonjwa nje.

Nije kwenye tangazo lako. Nimelipenda kwa sababu linatoka moyoni, lakini halisemi kitu. "Mpole" kila muuzaji anaandika. Kuna mpole kwa sababu amefundishwa vizuri na ameona mengi, kuna mpole kwa sababu amechoka au anaumwa, kuna mpole kwa sababu alizungushwa kwa kamba saa nzima kabla mteja hajafika. Msomaji hawezi kuwatofautisha kwa neno moja. Andika anachofanya. Ulivyoniandikia mimi, kwamba trekta likipita hainui sikio na kwenye trela anapanda mwenyewe, ndivyo unavyotakiwa kumwandikia mnunuzi. Na hiyo "kila kazi" ifungue vilevile: kila kazi kaifikisha wapi? Kukokota kigari chepesi mara nne ni tofauti na kukokota kila wiki kwa miaka miwili. Kuruka sentimita 80 ni jambo lililopita, liandike hivyo. "Kila mtu" lifute kabisa. Wapandaji wengi hufuata kipimo cha kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa Subira hiyo ni kilo 96, na kwa sababu ya mguu mimi ningeshuka chini ya hapo. Basi tayari si kila mtu.

Mimi ningeandika hivi: "Anauzwa dume aliyehasiwa, miaka 15, sentimita 152. Tumekaa naye miaka 9. Anatembea peke yake au na wenzake njiani, haogopi magari wala matrekta, amefundishia watoto chini ya uangalizi, amekokota kigari chepesi. Ana mwanzo wa baridi yabisi mguu wa mbele wa kulia, picha za daktari zipo. Haruki vizuizi tena. Hawezi kuishi bila farasi mwenzake. Tunamtafutia mtu wa mwendo wa taratibu." Simu chache zitakuja, lakini utazifurahia.

Hilo la kulia akibaki peke yake wengi wangeliona dogo. Si dogo hata kidogo. Farasi ni mnyama wa kundi na wa kukimbia. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia, na kazi ya macho hayo ni kumwahi adui. Farasi asiyekimbia amejifunza kutokimbia, na amejifunzia mahali fulani, na watu fulani, kando ya farasi fulani.

Mjini Berlin, mwaka 1904, watu walijaa kumtazama farasi mmoja aliyeitwa Hans, ambaye mmiliki wake, Wilhelm von Osten, aliamini anajua hesabu. Alijibu kwa kugonga ukwato chini. Oskar Pfungst alimchunguza, na mwaka 1907 akachapisha alichokiona: Hans hakuwa akihesabu, alikuwa akisoma vijitendo vidogo mno vya kichwa na mwili wa anayemuuliza, ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavifanya. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Mwanangu, Subira amemsoma binti yako kwa miaka tisa. Amezoea uzito wake, pumzi zake, mkono wake kwenye kigwe. Sehemu ya upole unaouuza imo ndani ya binti yako.

Mwambie mnunuzi hivyo bila kuficha. Siku atakapohama, Subira atabadilishiwa vyote kwa mpigo, tangu banda na wenzake hadi chakula na mkono wa kumwongoza. Wiki za mwanzo anaweza kushtuka kwa vitu ambavyo kwako havitazami, au akawa kimya mno, na hicho kimya wengine hukiita utulivu. Mnunuzi akijua mapema, atampa muda, atamtembeza kwa kamba kabla ya kumpanda. Asipojua atakupigia simu kwa hasira akisema umemdanganya, au, vibaya zaidi, atachukua fimbo.

Kabla hujamuuza, hakikisha wewe mwenyewe kwamba ule ni utulivu kweli. Mwaka 2018 daktari wa mifugo Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walichapisha orodha ya ishara 24 za kutazama kwa farasi anayepandwa: masikio kulala nyuma, mkia kupigwapigwa, mdomo kufunguka, kichwa kurushwa, kujikwaa na nyingine za namna hiyo. Farasi akionyesha 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au viungo. Binti akija likizo, ampande huku wewe unapiga video, kisha mkae mtazame polepole. Kama mguu umeendelea kuharibika tangu mwaka jana, ni bora mjue ninyi kwanza.

Wale watatu sasa.

Wa kwanza si mnunuzi. Asiyekuja kuona, hajauliza hata farasi anakula nini, anakutumia zaidi ya bei na kukuomba utoe humo ujira wa msafirishaji na umrudishie kilichobaki, huyo hamtaki Subira. Anataka hicho "kilichobaki". Hundi au uthibitisho wa malipo utaonekana umeingia, wewe utatuma pesa zako za kweli kwa "msafirishaji", na siku chache baadaye benki itakuambia yale malipo ni hewa. Usimjibu tena, usimpe namba ya akaunti, usimwelekeze nyumbani. Na hata kama angekuwa baba wa kweli, farasi si kitu cha kumshangazia mtoto. Mtoto wa miaka 8 aje, ampande mbele ya mwalimu wake, tuone kama wawili hao wanaelewana. Mtoto asiye na mwalimu humfundisha farasi mpole kuvuta, kusimama anapotaka, kupuuza ishara ya mguu wa mpandaji, na mwaka haujaisha watu wanasema farasi amebadilika tabia.

Wa pili sitaki umhukumu kwa sababu tu ana shule. Farasi wengi wapole wanaishi vizuri shuleni, wana wenzao, wana ratiba, wanapendwa na watoto thelathini badala ya mmoja. Na Subira, aliye na hofu ya upweke, kundi lingemtuliza. Kinachonitia wasiwasi ni ile robo saa. Mtu aliyempanda robo saa akasema ndiye, anamjua Subira kwa upole tu, mguu hajauona. Mpigie, mweleze yote, kisha muulize: atafanya kazi saa ngapi kwa siku na siku ngapi kwa wiki? Atapandwa na watu wazima? Uwanja wako ni wa mchanga au ardhi ngumu? Wanafunzi wako wanaruka? Farasi akichechemea asubuhi, nani ana mamlaka ya kusema leo hapandwi? Muombe akuruhusu uende kuona mabanda siku yoyote bila kupiga simu kabla. Watazame farasi wake wazee, kwato zao, migongo yao, macho yao. Mwalimu mzuri hatachukizwa, atafurahi. Akikujibu kwamba farasi wa shule ni wa kazi na kazi haimalizwi, umepata jibu lako.

Wa tatu, mwanangu, ndiye niliyemsoma mara mbili. Aliyekaa kwenye nyasi akimtazama anavyokula ameona nusu ya mambo ambayo daktari hutazama. Anataka mwendo ambao mguu unauhitaji. Lakini naye asipite kwa huruma. Je, ana farasi mwingine, au Subira atakuwa peke yake akizunguka uzio? Kama yuko peke yake, jibu ni hapana, hata angekuwa malaika. Je, atapata mwalimu wa kumrudisha kwenye tandiko miezi ya mwanzo? Je, ameelewa kwamba bei ni sehemu ndogo, na kwamba baridi yabisi ina dawa, ina daktari, ina siku za mapumziko mwaka hadi mwaka? Mtu asiyemudu theluthi iliyobaki ya bei huenda ana nidhamu nzuri ya pesa, na huenda hana kabisa. Muulize waziwazi, mama kwa mama.

Kuhusu ile theluthi: bei yako uliiweka ukiwa umeuficha mguu. Ukiusema, thamani ya Subira sokoni itashuka, hata yule mwalimu huenda akashusha. Inawezekana mama huyu ametaja bei ya haki bila kujua. Kama ana mwenzi wa Subira nyumbani na majibu yake yananyooka, mimi ningempa yeye. Iko njia nyingine pia kama moyo haujatulia: amkodi kwa miezi kadhaa kabla ya kununua, kwa maandishi, yakieleza nani anampanda, nani analipa daktari na fundi wa kwato, na itakuwaje akiumia akiwa kwake.

Aje tena mara ya tatu. Umwache Subira malishoni, mchafu hivyo hivyo, mama amkamate mwenyewe, amsugue, amnyanyue kwato zote nne, amtandike. Asubuhi yenye baridi ingefaa zaidi, auone mguu katika hali yake mbaya. Binti yako au mtu mwingine anayemjua atangulie kupanda, mgeni afuate, kofia ngumu kichwani. Nimeona wauzaji wakificha asubuhi kama hiyo. Wewe ndiyo umpe.

Makaratasi nisiyarefushe sana. Andikeni mkataba wenye umri, rangi, alama, namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya shingo kama anayo, yote mliyoambiana kuhusu mguu na upweke, bei na tarehe, mtie sahihi nyote wawili. Farasi asitoke mpaka benki ithibitishe pesa zimeingia. Sharti la kurudishiwa kwanza liandike humo humo, pamoja na bei au namna ya kuipanga. Lakini nisikupe matumaini makubwa: mtu akishamuuza kwa mwingine kimyakimya, kumfuatilia ni kazi ngumu na mara nyingi hakuna mafanikio. Sharti hilo lina nguvu kwa mtu ambaye angekupigia hata bila sharti. Ndiyo maana nimetumia wino mwingi kwa watu kuliko kwa karatasi.

Siku atakayoondoka, mpe mnunuzi nyasi kavu za siku kadhaa, ili chakula kibadilishwe polepole ndani ya siku 7 hadi 10. Kubadilisha ghafla kunaweza kumletea msokoto wa tumbo, na msokoto unaua. Lijamu lake alilolizoea liende naye, tandiko pia kama linamkaa vizuri. Andika kwenye karatasi moja chanjo zake, dawa za minyoo, meno yalikaguliwa lini, fundi wa kwato alikuja lini, na asubuhi ya baridi wewe humtembeza dakika ngapi kabla ya kumtandika. Mwambie binti aongeze kwa mwandiko wake anapopenda kukunwa.

Hayo yote yanasubiri likizo. La leo ni moja: lile tangazo la "kila kazi na kila mtu" liondoe usiku huu, kabla yule wa kwanza hajapiga tena.

Shangazi